Aliyeibiwa hakuulizwa

Mmeuliza wiki hii: "Fimbo ikiondoka shuleni, nidhamu italindwa na nini?" Nimekuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya bweni kwa miaka sita, na fimbo nimeishika sana, kwa hiyo sijibu kama mtakatifu.

Kanuni za mwaka 2002 hapa Tanzania zinasema viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu nilikijaza vizuri. Siku moja nakipekua, naona jina la mkosaji, kosa, idadi ya viboko. Aliyekosewa hana hata mstari.

Muhula ule kijana wa kidato cha pili alivunja tranka la mwenzake akachukua nauli ya likizo. Nikamchapa 4, nikaona yameisha. Wiki haikupita, wakakunjana mashati bwenini, kila mmoja na wapambe wake.

Safari hii niliwakalisha, kila mmoja na rafiki yake, patroni akiwepo. Nini kilitokea? Nani kaumia? Kifanyike nini mambo yakae sawa? (Queensland, Australia, shule zilianza kujaribu vikao vya namna hii mwaka 1994. Mimi niliiga tu vikao vya ukoo wetu.) Nilidhani aliyeibiwa atadai hela. Akasema, "Mwalimu, bweni zima linasema nilijiibia ili mama atume nauli nyingine." Alichotaka kwanza ni kusafishwa jina.

Aliyeiba alisimama jioni ile mbele ya bweni akasema ukweli, na hela akailipa kwa mafungu mawili. Baadaye aliniambia heri ningemchapa tena. Mzazi mmoja naye alinipigia kunilaumu kwamba namdekeza mwizi.

Si kila kosa linafaa kikao. Mtoto aliyedhalilishwa kijinsia hakalishwi meza moja na aliyemdhalilisha. Hiyo ni kazi ya polisi. Na muda unauma: saa mbili tulizokaa ni vipindi vitatu, na mimi nina madarasa ya kufundisha kama wengine. Wanaotaka fimbo iondoke wangeanza na ratiba, maana mwalimu aliyechoka hufikia kilicho karibu na mkono.

Mwaka jana nilichora safu mpya kwa rula katika kile kitabu: "Aliyekosewa anasema nini." Mkuu wa shule akaniuliza hiyo imetoka wizara gani.