Korongo wananimalizia mahindi, niwaambie nini majirani?

SWALI: Hujambo mhariri. Mimi nalima huku Trans Nzoia karibu na Saiwa, shamba langu linapakana na kinamasi. Kila mwaka tukishapanda tu hawa korongo wenye taji la dhahabu kichwani wanatua asubuhi mapema, wanafuata mstari wanafukua mbegu moja moja, ukifika unakuta mashimo tu. Sasa majirani wanataka tuchange pesa tununue dawa tuchanganye na mahindi tuwawekee. Roho yangu inakataa lakini nikinyamaza wataniona sina uchungu na shamba. Niwaambie nini? – Mama mkulima, Kitale

JIBU: Mama, asante umeandika kabla hiyo dawa haijanunuliwa. Waambie hivi, dawa haichagui nani ale nani asile. Kanga atakula, njiwa atakula, kuku wako akitoroka atakula, mbwa akipata mzoga naye amekwisha, na mbaya zaidi kuna watu wataokota wale ndege waliolewa dawa wapeleke nyumbani wapike, watoto wale. Mvua ikija inasomba kilichobaki mpaka kwenye kinamasi. Tena ni kosa kisheria, korongo taji ameorodheshwa tangu 2012 kati ya ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Hasara yako naielewa, mbegu ni pesa. Lakini angalia hao ndege wanakusumbua lini. Ni kuanzia siku mnapanda mpaka mahindi yatoe majani machache, yakishashika mizizi wanaanza kutafuta panzi na minyoo, utawaona wanakanyagakanyaga nyasi kwa miguu wadudu waruke wawadake, na hapo wanakusaidia. Kwa hiyo hizo pesa mnazotaka kuchanga walipeni vijana wawili watatu walinde mashamba yote kwa hizo wiki chache, hasa alfajiri na jioni, na mkubaliane kupanda wiki moja, maana anayepanda peke yake mapema ndiye anayemaliziwa. Mbegu zifukieni vizuri zisibaki juu juu.

Halafu kuna hili la kinamasi, na hapa nasema kwa uchungu. Korongo anataga humo ndani kwenye matete, mayai mawili matatu, analalia kama mwezi mzima, na vifaranga wanakaa miezi miwili mitatu bila kuruka. Mkichimba mitaro mkakausha maji, mkapanda mikaratusi ukingoni, atalea wapi? Na chakula chake cha humo kikiisha atakuja kwako tu. Hapo hapo Kipsaina kuna wakulima kama nyinyi walioanzisha kikundi tangu miaka ya 1990, wanalinda korongo na kinamasi na wanapanda miti, ni wenyeji wenyewe waliamua. Nenda na hao majirani mkaongee nao.

SWALI: Mhariri niaje, kuna hoteli huku kwetu wanafuga korongo wamemkata mabawa, wageni wanapiga naye picha. Wanasema wanamtunza, ni sawa? – Msomaji, Busia

JIBU: Si sawa hata kidogo ndugu yangu. Akifugwa peke yake hivyo ni nadra sana azae, kwa hiyo ukimwona uani ujue kuna kiota kinamasini kiliibiwa kifaranga. Rwanda walikuwa na shida hii hii, ndege wako majumbani na hotelini, mpaka daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alipoanza 2014 kuwahamasisha watu wawatoe wenyewe bila kushtakiwa, wakatoka zaidi ya 200. Wenye afya walipelekwa hifadhi ya taifa ya Akagera, walioharibiwa mabawa wanatunzwa Umusambi Village, kituo cha korongo pale Kigali.

Wewe peleka habari ofisi ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) iliyo karibu, kimya kimya bila kugombana na mwenye hoteli. Na mtu akikuletea kifaranga barabarani usimnunue hata kama unamhurumia vipi, ukilipa leo kesho anarudi kwenye kiota kingine.