Kwa wanaoanza kazi ya kumlinda kapakeli Uskochi

Kwanza kabisa, usiende kumtafuta ndege. Kapakeli (Tetrao urogallus), ndege wakubwa wa msituni wa jamii ya kuku-mwitu, walikadiriwa kuwa 532 tu katika sensa ya 2021–22, wengi wao misonobarini mwa Cairngorms, eneo la milima la Uskochi. Miaka sita kabla ya sensa hiyo walikuwa 1,114. Kuwasumbua kwenye uwanja wa ngoma, ambako madume hukutana alfajiri majira ya kuchipua ili kugombea majike, ni kosa la jinai. Kuhesabu ni kazi ya wenye leseni: huingia usiku katika kibanda cha kujificha, hutoka ndege wakishaondoka.

Kazi yako ni chini ya miti. Vifaranga huanguliwa karibu na Juni, na wiki za mwanzo huishi kwa wadudu, hasa viwavi wa vichaka vya bluberi mwitu. Mvua ya baridi ikishika, hulazimika kujificha chini ya mama wapate joto, muda wa kula ukapotea, wakafa. Mvua huizuii, ila chakula unaweza kukisogeza karibu. Bluberi hutaka kivuli cha wastani: misonobari ikibanana hunyauka, na mwanga ukizidi husongwa na vichaka vingine. Basi punguza miti kwa viraka visivyolingana, si kwa mistari kama shambani, na umalize kelele za misumeno kabla ya Machi.

Kulungu nao hula machipukizi ya bluberi hiyohiyo. Mgeni husema: tuweke uzio. Hapo ndipo wengi hukosea. Dume la kilo 4 huruka chini kwa kasi kati ya miti, halioni waya, linajigonga na kufa. Afadhali kuwapunguza kulungu kwa bunduki na kung'oa uzio. Ukilazimika kuubakiza, funga vipande vya mbao wima, vinavyoonekana kwa mbali. Alama hupunguza vifo tu, haviishi, kwa hiyo endelea kukagua.

Mbweha na kunguru hudhibitiwa. Marteni, mnyama mdogo mla nyama apandaye miti na mla mayai hodari, analindwa na sheria. Dawa yake ni mizoga ya kulungu iwekwayo mbali na viota msimu wa kutaga, ili ale hiyo badala ya mayai. Majaribio yameonyesha viota vya bandia vikisalimika zaidi.

Ukikutana na dume linalokukabili huku limetanua mkia, rudi nyuma polepole, mbwa akiwa kambani. Picha usiiweke mtandaoni, hata bila jina la mahali: wapiga picha huutambua msitu kwa miti yake.