Tezi imetibiwa, mbona macho bado yametokeza?

Mtu akishakunywa iodini ya mionzi au kutolewa tezi ya shingo kwa sababu ya ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili kuichokoza tezi hadi itoe homoni kupita kiasi), hutarajia macho yarudi mahali pake. Mara nyingi hayarudi, na kuna ambao macho huanza kuvimba miezi kadhaa baadaye. Kingamwili zilizokuwa zikiichokoza tezi huchokoza pia mafuta na misuli ya nyuma ya jicho, na tezi ikiondoka zenyewe hubaki kwenye damu.

Homoni kwanza. Dozi ya levothairoksini (kidonge cha homoni kinachoshika nafasi ya tezi) ikipungua, TSH (homoni ya ubongo inayoisukuma tezi) hupanda na macho huzidi kuvimba. Wengi hukosea kwenye kumeza tu: kidonge kinashushwa na chai ya maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu, halafu dozi inaongezwa wakati haikuwa na kosa. Meza asubuhi kwa maji matupu, kaa dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vipishane nacho kwa saa 4. Dozi ikibadilishwa, TSH ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima mapema unapoteza hela.

Ukavu ndio kero ya kila siku. Tumia machozi bandia, na ukiyahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi nacho huwasha. Usiku paka malhamu ya macho ya kulainisha, inua kichwa kwa mito, na kope zisipofunga muulize daktari akuonyeshe namna ya kuzibandika kwa plasta laini. Matone ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) usijinunulie: hupandisha presha ya jicho, na uvimbe wenyewe uko nyuma ambako hayafiki.

Ugonjwa ukiwa mwepesi na mchanga, daktari anaweza kukupa vidonge vya madini ya seleniamu, mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6. Ukiwa mkali (kope nyekundu, maumivu ukizungusha macho, kuona vitu viwili viwili) ndipo huja methilprednisoloni, steroidi ya dripu. Mpango uliozoeleka ni miligramu 500 kila wiki kwa wiki 6, kisha 250 kila wiki kwa wiki 6, jumla gramu 4.5. Kabla ya dripu ya kwanza dai vipimo vya sukari, presha, ini, homa ya ini B na kifua kikuu; kwa mazingira yetu na minyoo pia. Ukipewa prednisoloni ya vidonge, ipunguzwe taratibu, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake.

Steroidi hutuliza uvimbe ulio moto. Jicho lililokwishatulia likiwa limetokeza halirudishwi nazo. Hilo ni la upasuaji. Marekani iliidhinisha dawa ya teprotumumab mwaka 2020, dripu 8 kila baada ya wiki 3. Hurudisha jicho nyuma kweli, lakini inaweza kudhuru usikivu na kupandisha sukari, na bei yake haishikiki.

Sigara je? Huzidisha ugonjwa na kudhoofisha nguvu ya steroidi.

Kila wiki chukua kizibo chekundu cha soda, ziba jicho moja, kitazame, kisha ubadilishe. Wekundu ukififia upande mmoja, huenda mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.