Neno jejune, kwa mnaoanza kazi ya tafsiri

Wadogo zangu, leo tulipekue neno moja tu la Kiingereza: jejune. Kwenye mazungumzo hulisikii sana, lakini kwenye insha na tahakiki za vitabu utakutana nalo, na linatega.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa insha ya karne ya 19. Mwandishi analaumu mahubiri fulani kwamba ni jejune. Nikaandika "mahubiri ya kitoto". Mhariri wangu, mama mtaratibu sana, hakunikemea. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu bwana amelalamikia utoto wapi?" Nikarudi kusoma. Aya nzima ilikuwa inasema waumini walitoka kanisani kama walivyoingia. Utoto haumo.

Asili ya neno ni Kilatini, jejunus: aliyefunga, mwenye tumbo tupu. Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 17 lilikuja na utupu wake. Likasemwa juu ya ardhi isiyo na rutuba, na pia juu ya maandishi yasiyoshibisha, makavu, ya kuchosha. Baadaye watu wakalisikia kama jeune ya Kifaransa, yaani kijana, na katika karne ya 20 maana ya utoto ikashika. Wafaransa wenyewe hawachanganyi: jeûne yenye kikofia juu ya u ni saumu, jeune isiyo nacho ni kijana. Kamusi za Kiingereza za leo zinataja maana zote mbili, kwa hiyo usimsahihishe anayeitumia ya pili. Wewe tazama kwanza andiko ni la lini. La zamani, anza na utupu. La leo, soma sentensi za jirani kabla hujaamua.

Ukoo wa neno hili unapendeza, na ukiujua hulisahau tena. Sehemu ya kati ya utumbo mwembamba madaktari huiita jejunum, kwa kuwa waliopasua maiti zamani waliikuta tupu. Déjeuner ya Kifaransa, ambayo wenzetu wa Kongo na Burundi wanaijua vizuri, maana yake ya asili ni kufungua saumu, na dinner ya Kiingereza imetoka shina hilohilo. Sisi tuna futari, kutoka Kiarabu, na wazo ni lilelile.

Sasa Kiswahili chake. Nilihangaika na "yasiyovutia", "yasiyo na mashiko", yote yakawa marefu na baridi. Neno lilikuwa jikoni: chapwa. Mchuzi usiokolea ni chapwa. Umekula, lakini ulimi haukupata kitu. Waingereza walilitoa neno lao tumboni, nasi tunalo letu la ulimini. Nikaandika "mahubiri chapwa", na mama yule akalipitisha bila kugusa.

Ila chapwa usiibandike kila penye uchovu. Dull, kwa mfano, si wa ukoo huu. Ni neno la zamani la Kiingereza, na mwanzoni lilihusu mtu mzito wa akili. Kwetu linagawanyika kufuatana na kinachosemwa: kisu ni butu, rangi imefifia, sherehe imepooza, biashara imedorora, maumivu ni ya chini kwa chini.