Mjomba, jiko lenyewe ni sehemu ndogo tu ya gharama

Shikamoo Mjomba.

Katika ujumbe wako wa sauti umeniuliza kama ni kweli kwamba serikali ya Uingereza inawapa watu pauni 7,500 ili waachane na gesi, na kama ni kweli, kwa nini sisi tulioko huku hatuishi kulalamikia bili. Kisha ukauliza kama wewe nawe, hapo Morogoro, uuze mitungi yako miwili uhamie kwenye jiko la umeme. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu hesabu za bili hazishikiki vizuri kwa kusikiliza, na kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kufanya kosa moja la fedha katika jambo hili.

Hizo pauni 7,500 zipo, kwa watu wa England na Wales, lakini haziingii mfukoni mwa mtu wala hazihusu jiko. Nyumbani tukisema gesi tunafikiria kupika. Huku kupika ni sehemu ndogo sana ya gesi ya nyumba. Nyingi huliwa na boila, mashine inayoning'inia ukutani ikichemsha maji ya kuogea na ya kuzungusha kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha vyumba joto, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Fedha ya serikali hutolewa kwa anayeng'oa boila hiyo na kuweka pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa: inavuta joto la hewa ya nje, hata ya baridi, na kuliingiza ndani. Kampuni inayofunga pampu ndiyo inayoomba ruzuku na kuikata kwenye ankara yake. Mpangaji hawezi kujiamulia hilo, kwa kuwa nyumba si yake, na Waswahili wengi ninaowajua huku ni wapangaji.

Mimi nina nyumba, ingawa kwa kweli ni ya benki bado, hapa Reading, katika safu ya nyumba za matofali mekundu zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Fundi alikuja, akapima kila chumba, akanihesabia. Baada ya kutoa ruzuku nilibakiwa na karibu pauni 5,000 za kulipa mwenyewe, kwa kuwa boila yangu huchemsha maji papo hapo bila tangi, na pampu inahitaji tangi, na tangi linahitaji mahali ambapo sasa pamesimama kabati la nguo za watoto. Redieta nne zilitakiwa kubadilishwa ziwe kubwa zaidi, kwa sababu maji ya pampu hayawi moto kama ya boila. Kuta zenyewe hazina uwazi katikati wa kujazwa vitu vya kuzuia joto lisitoroke. Nikashukuru, nikamsindikiza mlangoni.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo, na ndilo linalokuhusu. Kwa kuwa nilishindwa pampu, nikajiambia nianze na jiko. Nilinunua jiko la induksheni la sahani nne, lile la kioo lisilo na moto wala waya mwekundu, kwa pauni 280 siku ya punguzo, nikaona nimepata. Mzigo ulipofika, fundi umeme alikitazama kibao chake cha nyuma, akaniambia kwamba jiko hilo huvuta zaidi ya kilowati 7 na haliwezi kuchomekwa kwenye soketi ya ukutani kama birika. Linataka waya wake mnene, peke yake, kutoka kwenye boksi la fyuzi mpaka jikoni. Boksi langu lilikuwa la zamani na halikuwa na nafasi, kwa hiyo nalo likabadilishwa. Waya, boksi na kazi vilinigharimu karibu pauni 900. Pauni 85 nyingine zilikwenda kwa fundi wa gesi aliyesajiliwa, wa kuziba bomba la jiko la zamani, kwa maana kazi hiyo huku haifanywi na fundi wa mtaani.

Jioni hiyo nikaweka sufuria ya wali juu ya kioo. Jiko likalia mara tatu na kuonyesha alama ya kosa. Nikabadilisha sufuria, likalia tena. Induksheni haipashi kioo, inapasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, na sufuria zangu zote sita zilikuwa za alumini, zile nilizozibeba kwenye sanduku kutoka Kariakoo mwaka niliokuja. Sumaku ya mlango wa friji haikushika hata moja. Kilichokubali ni kikaango cha chapati peke yake, na usiku ule tukala chapati na chai. Seti ya sufuria za chuma cha pua ikanitoa pauni 110. Sufuria kubwa ya pilau ya mama sikuitupa. Imekaa juu ya kabati, ikisubiri siku ya kupikia nje kwa mkaa.

Sasa bei yenyewe ya kutumia. Huku gesi na umeme vyote hulipiwa kwa uniti, kama LUKU, mita yako ya umeme wa kulipia kabla; uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Mwishoni mwa 2025 uniti ya umeme ilikuwa takribani peni 26 na ya gesi takribani peni 6, yaani umeme ulikuwa ghali mara nne. Sababu moja ni kwamba mitambo inayozalisha umeme kwa gesi ndiyo mara nyingi inayoamua bei ya soko; nyingine ni kwamba tozo nyingi za sera za serikali zimewekwa kwenye bili ya umeme kuliko ya gesi. Jiko la gesi hupoteza zaidi ya nusu ya joto lake pembeni mwa sufuria, na induksheni hupoteza kidogo tu, lakini hata hivyo uniti moja ya joto inayofika kwenye chakula iligharimu kama peni 15 kwa gesi na peni 30 kwa umeme.

Kwa kupika, tofauti hiyo ni pauni chache kwa mwezi, na jikoni hewa ni safi na dirisha halilii majasho. Kinachoniuma ni kwamba, kwa kuwa boila bado ipo, bado ninalipa tozo ya kila siku ya kuwa na mita ya gesi, zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, hata nisipowasha kitu. Anayehama nusu hulipa pande zote mbili. Pampu ya joto ingekuwa habari nyingine, kwani kwa uniti moja ya umeme huingiza uniti tatu au zaidi za joto, na hapo bei hukaribiana na gesi. Hita ndogo ya kuchomeka haina baraka hiyo. Kijana wetu mmoja mwanafunzi aliwasha hita ya kilowati 2 saa tano kila jioni mwezi mzima. Piga hesabu mwenyewe, ni pauni 78 za chumba kimoja.

Kwako hali ni tofauti, Mjomba, kwa maana huna boila na mita yako ni moja. Lakini angalia LUKU yako kwanza. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, kupikia umeme kila mlo kunaweza kukuvusha mpaka huo, na ukivuka bei ya uniti hupanda zaidi ya mara mbili. Halafu mwite fundi atazame waya wa jikoni kabla hujanunua chochote, kwa sababu nyumba yako ilitandazwa waya za taa, redio na pasi. Kwa maharage, makande na nyama ngumu, jiko la presha la umeme litakusaidia kuliko induksheni; langu huivisha maharage ya familia kwa chini ya nusu uniti.

Uliniomba nikuletee jiko Desemba. Nitakuletea la induksheni la sahani moja, kilowati 2, linalochomekwa kwenye soketi ya kawaida, maana plagi zetu na za huku ni zile zile za miguu mitatu ya bapa, pamoja na sufuria mbili zinazoshika sumaku. Mtungi mmoja uza ukitaka. Wa pili uache pale pale, umejaa, kwa ajili ya siku umeme utakapokatika wakati ugali uko nusu.