Kabla hujalipia kigoda cha mtemi

Hapa Tabora kigoda cha zamani hakiuzwi bila hadithi. Utaambiwa ni cha mtemi (chifu wa jadi) fulani, au babu alikirithi tangu kabla ya Wajerumani. Isikilize, iandike, lakini usitaje bei mpaka umekigeuza miguu juu.

Tazama nyayo zake. Kigoda kilichokaliwa miaka mingi huwa kimesagika kingo za miguu, tena mguu mmoja kuliko mwingine, maana kila mtu ana upande wake wa kuegemea. Pa kukalia hung'aa katikati na ukingoni, mikono iliposhika kukibeba. Uvunguni, pasipoguswa, hubaki pakavu na alama za tezo huonekana. Ukikuta weusi ule ule kila mahali, hadi ndani ya nyufa, jua kimepakwa. Lowesha pamba kwa spiriti kidogo, usugue mahali pa kificho, eneo la ukubwa wa ukucha tu. Masizi ya jikoni nayo hutoka, kwa hiyo usiamue kwa rangi peke yake: inuse pamba. Harufu ya dawa ya viatu haijifichi.

Matundu ya bungua, mdudu anayetoboa mbao, ndiyo yanayowadanganya wengi. Ya kweli ni ya duara, milimita 1 hadi 2, na pini nyembamba hukwama upesi kwa sababu mdudu hachimbi kwa kunyooka. Yaliyotobolewa kwa msumari au keekee huipokea pini moja kwa moja. Hata hivyo, matundu ya kweli si ushahidi wa umri. Ile sehemu nyeupe ya mti, iliyo karibu na gome, hubunguliwa ndani ya miezi michache tu.

Muuzaji akikubali kukuachia, kipime uzito, kiweke chumba kikavu wiki 3, ukipime tena. Kikipungua asilimia 5 au zaidi, huenda mti ulikatwa juzijuzi.

Kikishinda yote hayo, bado hujajua kama anayekiuza ana haki nacho. Vifaa vya utemi vilikuwa vya cheo na ukoo. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, vingi vilibaki majumbani, na mjukuu mmoja anaweza kukiuza wenzake hawajui. Dai hati ya mauziano yenye picha, vipimo na tarehe, isainiwe na ndugu wawili mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Ndugu wakigoma kusaini, acha. Kukichukua hivyo ni kuwanyang'anya.

Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Muuzaji anayekuhakikishia kigoda kina miaka 200 anakuambia ni mali inayolindwa, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Nenda na picha zake makumbusho ya Kwihara, nje kidogo ya mji, uulize utaratibu kabla hujatoa hata malipo ya awali.