Viatu Umepima Dukani, Umenunua Kwenye Simu

Kijana anaingia duka la skeiti, yaani mchezo wa ubao wenye magurudumu. Anaomba viatu, anapima saizi tatu, anaruka navyo, anakunja soli aone ulaini wake. Kisha anauliza: kati ya ubao wenye upana wa inchi 8 na wa 8.25, upi utamfaa? Muuzaji anamtazama miguu, anamuuliza anapenda kucheza wapi, anamweleza kwa utulivu kwamba ule mwembamba ni mwepesi kuuzungusha na ule mpana unampa mguu nafasi ya kutua. Kijana anashukuru, anapiga picha lebo ya boksi, anaaga. Baada ya siku chache yuko uwanjani na viatu vilevile, vimekuja kwa kifurushi.

Tabia hii inanikera, na sifichi. Nimeyazoea maduka haya kama mteja, na kwa muda nilisaidia nyuma ya kaunta. Ukikaa upande ule unaona mambo ambayo mnunuzi hayaoni. La kwanza ni kwamba ubao wenyewe haumtajirishi mtu. Mbao, magurudumu, beringi, traki (vyuma vinavyoshika magurudumu chini ya ubao), vyote hivyo vina faida nyembamba. Kodi ya pango inalipwa na viatu na nguo. Kwa hiyo anayepima viatu hapa akanunua kule amechukua kile hasa kinachoweka mlango wazi, na ushauri kaupata bure juu yake.

Sisemi kila senti uipeleke dukani. Hali ni ngumu kwa kila mtu, na viatu vya skeiti haviishi muda mrefu, maana msasa, ile karatasi ya kukwaruza inayobandikwa juu ya ubao ili miguu isiteleze, unavila ubavuni kila unaporuka. Ila kuna njia ya kubana matumizi bila kumkosea mtu. Uliza ubao wenye nembo ya duka lenyewe. Kwa kawaida nao umetengenezwa kwa tabaka saba za mti wa mepo zilizogandishwa kwa gundi, kama mbao za majina makubwa, lakini hauna jina la mchezaji maarufu anayedai fungu lake kwa kila ubao unaouzwa. Bei inashuka, na duka linabaki na kipande cha maana. Mimi ndizo ninazotumia, na sijawahi kuona tofauti nikiwa hewani. Na kama leo huna fedha za ubao, nunua skrubu, nta ya kulainisha kingo za kutelezea au jozi ya soksi. Hakuna duka linalokasirikia mteja mdogo. Linamkasirikia anayelitumia kama chumba cha kujipimia nguo.

Kitu kimoja ambacho simu haijaweza ni kukubandikia msasa. Mtazame fundi anayeijua kazi hiyo. Anaondoa karatasi ya nyuma, anaulaza msasa juu ya ubao bila kuukaza, kisha anaukandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Anachukua tupa au shingo ya bisibisi, anasugua ukingo wote mpaka mstari mweupe ujitokeze kuzunguka ubao. Anapitisha wembe kwenye mstari huo kwa mkono mmoja, mwingine ukigeuza ubao, na vipande vinaanguka kama maganda ya chungwa. Mwishoni anatoboa matundu ya skrubu kutokea chini. Mara nyingi hakulipishi hata kidogo. Unachotakiwa kufanya ni kusimama hapo na kuangalia, kwa sababu ubao unaofuata unaweza kuubandika mwenyewe. Muulize pia kwa nini hakazi nati ya gurudumu mpaka mwisho. Atakuonyesha jinsi gurudumu linavyopaswa kucheza kidogo tu kwenye ekseli, la sivyo beringi zinabanwa na ubao unakuwa mzito kama umeshika breki.

Wengine wataniambia skeiti ni ya mtaani, si ya madukani, na kwamba biashara ndiyo inayoiua. Maneno hayo nimeyasikia sana, aghalabu kwa watu waliovaa nguo za kampuni kubwa kuanzia kofia. Historia haiwaungi mkono. Timu ya Zephyr iliyotikisa mashindano ya Del Mar, California, mwaka 1975 ilikuwa timu ya duka: duka la Jeff Ho lililokuwa Santa Monica, likitengeneza na kuuza mbao za kuteleza kwenye mawimbi. Vijana wa eneo lile walikutana hapo, na katika timu hiyo alikuwamo msichana mmoja, Peggy Oki. London nako, Slam City Skates ipo tangu 1986, na vizazi kadhaa vya wachezaji vimepitia pale.

Na London hiyohiyo inaonyesha mpaka uko wapi. Chini ya jengo la Southbank Centre kuna eneo la zege lenye nguzo na miteremko, watu wanaskeiti pale tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 wenye jengo walitaka kuligeuza liwe vyumba vya biashara ili wapate fedha za ukarabati. Wachezaji waliweka meza palepale, wakakusanya saini kwa wapita njia, na Septemba 2014 yakafikiwa makubaliano kwamba eneo linabaki lao. Watu wale hawakuwa na ugomvi na maduka. Mbao zao walizinunua madukani. Walichokataa ni kuuziwa mahali pao. Duka linalotoka kwenye jumuiya ni jambo moja, biashara inayokuja kuikalia jumuiya ni jambo lingine, na mtu mzima anatakiwa aweze kuzitofautisha.

Heshima basi haianzii kwenye pochi. Uwanjani, subiri zamu yako. Kumkatia mwenzako njia wakati amekwisha kusukuma ni ukosefu wa adabu, hata kama wewe unaweza kuruka ngazi kumi na yeye bado anatafuta mizani. Usikae kwenye ukingo ambao watu wanautumia. Mtu akianguka vibaya, simamisha mchezo, mtazame kwanza. Mwenzako akifanikisha kitu alichokihangaikia mchana kutwa, gonga ubao wako chini kumpongeza, hata kama kwako kitu hicho ni cha mazoezi ya kuamkia. Na nta usiipake ovyo kwenye kingo za watu wengine, maana asiyejua ataifikia kwa kasi na kuteleza. Takataka zako ondoka nazo. Burnside kule Portland, Marekani, uwanja ulioanzwa na wachezaji wenyewe chini ya daraja mwaka 1990 bila ruhusa ya mtu, usingeishi mpaka jiji likaukubali kama wenyewe wasingeutunza.

Sasa niligeukie duka, maana nalo lina madeni yake. Yapo maduka ambayo ukiingia bila viatu vilivyochakaa unatazamwa kuanzia unyayoni hadi utosini kama mwizi. Nimeshuhudia mama aliyekuja na binti yake kununua ubao wa kwanza, muuzaji akaendelea kuzungumza na rafiki zake, na alipoulizwa akajibu kwa neno mojamoja. Mama akaondoka, na nadhani alifanya vizuri. Akienda kununua ubao wa bei rahisi dukani kwa vyombo vya plastiki, wenye beringi zisizozunguka, lawama ni ya nani? Duka la namna hiyo halina haki ya kudai uaminifu wako kwa sababu tu mwenye duka anaskeiti. Rudi mara ya pili, inawezekana ulimkuta mtu siku mbaya. Ikiwa ni vilevile, tafuta lingine.

Kwa wenye ndoto ya udhamini: usiingie dukani na video kwenye simu ukaomba kuingizwa kwenye timu ya duka. Wanaochagua timu wanakujua tayari kama unakuja uwanjani. Wanaangalia pia unavyomfundisha mtoto kuruka oli (kuruka pamoja na ubao bila kuushika kwa mikono) na kama unasaidia kufagia kabla ya mashindano, na nimeona wachezaji wakali wakiachwa kwa sababu ya midomo yao.

Ubao ukivunjika, kuwa mkweli. Tabaka zikianza kuachana ndani ya siku za mwanzo, urudishe. Huenda ni kasoro ya kiwanda na duka linaweza kuzungumza na msambazaji. Ukipasuka katikati kwa sababu ulitua na mguu mmoja, huo ni mchezo tu, usiende kumbana muuzaji akulipe.

Na kama unakoishi hakuna duka la skeiti, agiza kwa intaneti bila kujilaumu. Maduka mengi madogo yana tovuti zao na yanatuma mbali; anza na hayo kabla ya soko kubwa. Unganeni watu kadhaa mgawane gharama ya usafirishaji, na mwombe muuzaji awabandikie msasa kabla ya kufunga boksi.